Seva yetu ya barua pepe iko sebuleni, Chake Chake

Watu wakisikia nimeweka seva ya barua pepe nyumbani, swali la kwanza ni umeme. Si swali la kijinga: Pemba inapata umeme wake kutoka Tanga tangu 2010, kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Lakini umeme ndio ulionisumbua kidogo kuliko yote. Mashine ni kompyuta mpakato kuukuu, betri yake bado inashika. Hata ikizimika, barua haipotei: seva ya mtumaji huiweka foleni na kujaribu tena. Postfix, programu ya kutuma na kupokea barua pepe, usipoibadilisha mipangilio yake huvumilia siku 5.

Kazi ilikuwa kwenye anwani. Biashara yetu ya viungo na sabuni ya mwani ina watu waliotawanyika: mdogo wangu Muscat, wifi yangu Dar es Salaam, ami Wete. Nyumbani tunatumia rauta ya 4G yenye laini ya simu. Nilipofungua rauta nikaona anwani ya IP (namba ya kututambulisha mtandaoni) inaanzia 100.64, nikajua wateja wengi wa kampuni ya simu tunagawana anwani moja ya nje. Hapo hata ufungue poti zote, yaani milango ya mtandao, mtu wa nje hana pa kubishia hodi.

Nikakodi seva ndogo Ujerumani yenye anwani isiyobadilika, iwe baraza letu: mgeni anaishia pale, mzigo unaingia ndani. Kompyuta ya nyumbani ndiyo inayoanza kuiita, kwa WireGuard, programu ya kutengeneza njia ya siri kati ya mashine mbili, na kila sekunde 25 inatuma ishara ili njia isizibe. Wanaobisha kule kwenye poti 25 (barua kutoka seva nyingine), 465 (watu wetu wakituma) na 993 (wakisoma) wanapitishwa huku kwa Postfix na kwa Dovecot, programu inayowapa watu barua zao wazisome. Barua za kutoka nazo zinapita njia hiyohiyo.

Hapa pana hatari. Ikiwa seva ya Ujerumani inabadilisha anwani za wanaoingia, Postfix itamwona kila mgeni kama mtu wa nyumbani. Ukiiweka anwani ya njia hiyo kwenye mynetworks, orodha ya Postfix ya wanaoruhusiwa kutuma bila nywila, umewafungulia matapeli wa dunia nzima watume barua taka kwa jina lako. Mimi nimeacha 127.0.0.1 peke yake, yaani kompyuta yenyewe; wengine wote, hata ami, waingie kwa nywila.

Kabla hujalipa, muulize mwenye seva mambo mawili: je, poti 25 ya kutoka iko wazi, na je, utaruhusiwa kuweka jina la kinyume la anwani yako, yaani jina anALOLIPATA anayeitafuta namba hiyo? Wengi huifunga poti hiyo ili kuzuia barua taka. SPF, DKIM na DMARC, za kuthibitisha kuwa barua imetoka kwako kweli, ni mistari michache kwenye domeni, jina lako la mtandaoni. Usiiruke, maana tangu Februari 2024 Google na Yahoo zimekaza masharti kwa watumaji.

Ami hakutaka maelezo. "Mwanangu, niandikie nywila kwenye karatasi, basi." Nikamwandikia, ndefu kweli, simu yake ikaihifadhi. Nakala ya barua zote huenda kila usiku kwenye diski iliyoko kwa wifi, Dar es Salaam.