Nilivyoivunja 1,000,009 baada ya kuapa kuwa ni tasa

Kaka alinitupia swali jioni moja: "Milioni moja na tisa, ni namba tasa au si tasa? Kikokotoo weka mbali." Kuna mtu alishanishauri kwamba dawa ni moja tu: gawa kwa kila namba tasa mpaka ufike kipeuo cha pili cha namba yenyewe, hapa 1,000 na chembe. Ni kweli, ila hayo ni maneno ya mtu ambaye hajawahi kufanya hivyo. Mpaka 1,000 ziko 168!

7, 11 na 13 nilizimaliza kwa mpigo. Ukizizidisha unapata 1,001, kwa hiyo unaikata namba tarakimu tatu tatu kutoka kulia, unatoa na kujumlisha kwa zamu: 9 − 0 + 1 = 10. Kumi haigawanyiki kwa yoyote kati yao, basi. Zilizobaki nilizikokota moja moja hadi 997, nikatangaza kwa kifua mbele: tasa! Kaka kimya. Nikadhani kashindwa.

Kesho yake ndipo nikashtuka kwamba namba yenyewe imejianika: 1,000² + 3². Na namba tasa haikubali kuwa jumla ya miraba miwili kwa njia mbili tofauti. Ukiipata ya pili, imekwisha.

Sasa usitafute kama kipofu. Miraba huishia na 0, 1, 4, 5, 6 au 9 tu. Ili jumla iishie na 9, lazima mmoja uishie na 0 au 5, yaani umetoka kwenye kigawe cha 5. Tena kati ya namba mbili zinazotoa miraba hiyo, ile iliyo shufwa lazima igawanyike kwa 4, kwa hiyo 10, 30, 50 na wenzake nikawaruka. Nikaanza: 5, 15, 20, 25... Jaribio la 35 likawa 235. Nikatoa mraba wake, 55,225, ikabaki 944,784. Hiyo ni 972 mara 972, bila baki! Nilisimama peke yangu chumbani.

Kutoka hapo ni mteremko. 1,000 − 972 = 28 na 235 − 3 = 232; KKS (kigawo kikubwa cha shirika) ni 4. Ukijumlisha badala ya kutoa: 1,972 na 238, KKS ni 34. Nusu za KKS hizo mbili ni 2 na 17, na 2² + 17² = 293, kigawo kimojawapo. Mwenzake ni 3,413.

Lakini 293 si nilishaigawa? Nikafungua daftari. 1,210 toa 1,172 nimeandika 48. Niliazima kumi, sikulipa. Nikaishia na baki 121, tena nimelipigia mstari kwa rula.

Najifariji kwamba namba hii ilishadhaniwa tasa kabla ya Leonhard Euler kuivunja kwa mbinu hii hii katika karne ya 18. Kaka sikumwambia lolote. Kumbe usiku ule ule alipitia daftari langu, akaiona 48, akalifunga.