Kilima kimechongwa, msitulinganishe tena kwa njia ile

Kilima chetu hakipo tena. Nawaandikia hasa ninyi mliokuwa mkikipanda nasi kwa baiskeli enzi zile, kwa sababu walionipokea niliporudi hawakuona kama hiyo ni habari ya kumpa mtu. Miaka yote niliyokuwa mbali nimeletewa habari za ndoa, za misiba, za nani kahama na nani kajenga. Hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba tingatinga lilipita pale, likashusha kilele, likafukia bonde kwa udongo uleule, kisha lami ikamwagwa juu. Nimekuta barabara pana inayoinuka taratibu, na katikati yake mstari mweupe.

Mnakumbuka kilivyokuwa. Kilianza mara tu baada ya daraja, na kona ya daraja ilikunyima nafasi ya kuchukua kasi. Kisha changarawe. Ukisimama kwenye pedali, gurudumu la nyuma linakosa uzito na kuzunguka bure. Ukikaa, la mbele linainuka na usukani unaanza kuyumba. Ilikubidi uiname kifua kikaribie usukani, makalio yakiwa kwenye ncha ya tandiko, na ukanyage kwa nguvu zilizo sawa kila mzunguko, maana mkanyago mmoja wa hasira ulitosha kukuangusha. Palikuwa na lile korongo lililokata njia kabla ya kilele. Hapo ndipo wengi waliposhusha mguu. Atakayeshusha mguu pale hawezi kupanda tena, anasukuma mpaka juu huku wenzake wakimsubiri bila kusema neno. Mimi nilikipanda bila kushusha mguu nikiwa na gia moja, na nalisema wazi kwa sababu walioshuhudia wapo na wanasoma hapa.

Huko nilikokuwa nimepanda milima ambayo kilima chetu kingeingia ndani yake mara nyingi. Nimepanda barabara zinazokwenda juu saa nzima bila tambarare ya kupumulia. Kila mara mapafu yalipoanza kuwaka nilikirudia kilima chetu kichwani, kuanzia kona ya daraja, kupita korongo, mpaka kilele. Kilikuwa kipimo changu. Mlima wowote mgeni niliuuliza swali moja tu: huu ni vilima vyetu vingapi?

Sasa fikirini mtu wa namna hiyo anarudi, anapanda baiskeli, anaelekea darajani. Mkono ukashusha gia kabla sijauamuru. Kifua kikainama. Miguu ikajiandaa kwa ule uzito, na uzito haukuja. Nikawa napiga pedali hewani kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Nilipofika juu, au niseme pale palipokuwa juu, sikujua kama nimefika. Nilisimama kando ya njia niliyoipita tangu utotoni na sikuweza kusema niko sehemu gani ya njia hiyo.

Jambo hili lina maelezo, na yalinisaidia kidogo. Mwaka 1971 mtafiti wa ubongo John O'Keefe alionyesha kwamba ndani ya ubongo wa panya kuna seli zinazoamka panya anapokuwa mahali fulani tu, na akifika mahali pengine zinaamka nyingine. Mwaka 2014 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo, pamoja na May-Britt Moser na Edvard Moser waliogundua seli nyingine zinazopima nafasi kama gridi ya ramani. Watafiti waliofuata nyayo zake waliona pia kwamba ukibadilisha umbo la mahali, seli hizo huweza kupangika upya kabisa, ramani ya zamani ikawekwa pembeni na nyingine ikaanza kuchorwa. Nadhani hilo ndilo linalompata mwendesha baiskeli anayerudi. Anakuja na ramani kamili ya mahali ambapo hapapo, tena ramani aliyoinoa kwa kuirudia kichwani miaka mingi. Anayeingia njia ngeni kabisa hana shida hiyo. Macho yake yako wazi, anasoma kila kona. Mimi nilikuwa naisoma kumbukumbu, na gari lililotokea kwenye njia panda mpya, ambayo zamani haikuwepo, lilinikuta nikiangalia palipokuwa na mti.

Kwa hiyo neno langu la kwanza kwa yeyote anayerudi: njia yako ya zamani usiipande kwa kasi yako ya zamani. Ipite polepole kwanza, mchana, kwa pande zote mbili, kama njia usiyoijua. Breki uzijaribu kabla ya kila mteremko unaodhani unaukumbuka. Lami mpya huongeza kasi ya kushuka kuliko changarawe ilivyokuruhusu, na kona ambayo zamani ulikata ukiwa polepole kwa sababu ya mawe, leo utaifikia ukiwa unaruka.

Lakini lililoniuma zaidi si kukatwa kwa kilima. Barabara hujengwa, watu wanahitaji kupita, mgonjwa anahitaji kufika hospitali bila kurushwarushwa. Lililoniuma ni orodha. Vijana wanaoendesha siku hizi wamerithi desturi yetu ya kupima muda kutoka darajani hadi kileleni, wameandika muda wao chini ya muda wetu, kwenye orodha ileile, na wanasema wametupita. Wametupita kwa mbali. Majina yetu yamesukumwa chini kabisa, na mmoja alinieleza kwa upole, kama mtu anayemfariji mzee, kwamba siku hizi watu wanafanya mazoezi ya kisayansi.

Tuzungumze sayansi basi. Mwinuko wa asilimia 10 maana yake kila mita 100 unazokwenda unapanda mita 10. Chukua mwendeshaji ambaye yeye na baiskeli yake wana kilo 80. Akipanda mwinuko huo kwa kilomita 9 kwa saa, karibu wati 200 za nguvu zake zinakwenda kupigana na uzito tu, bado hatujahesabu changarawe inayonyonya magurudumu. Weka wati 30 hivi za changarawe na upepo. Sasa mpe mtu huyohuyo, miguu ileile, wati zilezile, mwinuko wa asilimia 5 wenye lami laini. Atakwenda karibu kilomita 17 kwa saa. Hajawa hodari zaidi hata chembe. Amepewa kilima kingine, na juu ya hapo, kilele kikishushwa, hata mita za kupanda zimepungua.

Wanaoheshimu kipimo wanajua hili. Mwaka 1972 Eddy Merckx, bingwa wa baiskeli kutoka Ubelgiji, aliendesha kilomita 49.431 kwa saa moja katika uwanja wa Mexico City. Baadaye baiskeli zikabadilika sana, namna ya kukaa juu yake ikabadilika, na mwaka 1996 Mwingereza Chris Boardman akafikisha kilomita 56.375 akiwa amenyoosha mikono mbele. Shirikisho la kimataifa la mchezo wa baiskeli halikuacha namba hizo zikae pamoja. Liliziweka za baiskeli mpya kwenye orodha ya peke yake, na likasema anayetaka kushindana na Merckx apande baiskeli ya aina ile ya Merckx. Mwaka 2000 Boardman huyohuyo akakubali masharti. Alipata kilomita 49.441. Yule aliyekuwa ametangulia kwa kilomita karibu saba alimpita Merckx kwa mita 10. Sheria zilibadilishwa tena mwaka 2014, lakini zile mita 10 zilikuwa zimeshasema ukweli wake kuhusu ubora wa watu wawili.

Na kuna mahali wanakwenda mbali zaidi. Mashindano ya Paris-Roubaix yalianza mwaka 1896, na sifa yake yote ni barabara mbovu za mawe kaskazini mwa Ufaransa. Mawe yale yalipoanza kutoweka chini ya lami, watu wa kujitolea waliunda chama cha kuyatunza. Wanang'oa magugu, wanarudisha jiwe lililotoka, wanapigania barabara isiboreshwe. Nilipolisikia jambo hili mara ya kwanza nikiwa mbali nililiona la ajabu. Siku niliyosimama pale palipokuwa kilele chetu nililielewa mpaka kwenye mifupa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wa zamani ambao bado wanazunguka duara lilelile, siku ileile ya wiki, saa ileile. Mimi si adui wa kurudia njia. Kurudia ndiko kunakokuonyesha kama umeongezeka au umepungua. Ukiijua njia, akili inaacha kuuliza kona ijayo ikoje, inabaki kusikiliza mwili: pumzi iko wapi, goti la kushoto linasemaje, mnyororo unalia au haulii. Anayebadilisha njia kila mara hana namna ya kujua, maana leo alikuwa na upepo mgongoni na jana alipanda zaidi. Lakini njia ya kurudia ina thamani ikiwa bado ni njia ile. Wenzangu wanairudia maiti. Malori ya mchanga yanapita kwenye bega lako, vumbi zuri la zamani limekuwa moshi, na bado wanageuka kushoto pale pale kwa sababu tuligeuka kushoto tangu tukiwa vijana. Nilimuuliza mmoja, mtu ninayempenda, ile njia ya kulia inakwenda wapi. Hajui. Ameipita miaka yote hii, hajawahi kuingia.

Nimeingia mimi. Sitaielezea yote, ila naweza kusema inapanda, ina changarawe, na ina sehemu mbili ambazo gurudumu la nyuma linazunguka bure. Nilicheka peke yangu kwa sauti.

Kwa wanaotaka kuanza kutafuta, nina mambo machache ambayo njia za ugenini zilinifunza, na mengine kwa maumivu. Njia ngeni ipewe muda wa kugeuka kabla hujatoka nyumbani: sema nikifika saa fulani narudi, hata kama mbele kunaonekana kuzuri, na hasa kama kunaonekana kuzuri. Nenda dhidi ya upepo na urudi nao, ili uchovu ukukute ukiwa unasukumwa. Upinzani wa hewa haupandi kidogo kidogo, kasi ikiongezeka mara mbili upinzani unakuwa mara nne, kwa hiyo kurudi dhidi ya upepo ukiwa umechoka ni adhabu. Tyubu ya akiba, pampu na vyuma vya kutolea tairi ni vya lazima, na kwa changarawe punguza upepo kidogo kwenye matairi ili yashike. Usitegemee sana programu za ramani kukupangia njia. Baadhi hupendelea barabara zilizokwisha kupitwa na waendesha baiskeli wengi, kwa hiyo njia inayoitwa mpya kwenye simu yako huenda ni duara la zamani la mtu mwingine. Tazama picha za satelaiti mwenyewe, fuata mstari mwembamba wa udongo unaopotea kwenye miti, kisha uliza watu wanaopita hapo kwa miguu. Wao wanajua kama mto unavukika.

Mtu akiniuliza nachagua kipi, kurudia au kutafuta, naangalia Tour de France, mashindano makubwa ya baiskeli ya kuzunguka Ufaransa. Yalianza mwaka 1903, siku hizi njia yake hubadilika kila mwaka, na hata hivyo inarudi mara kwa mara kwenye milima ileile. Tourmalet, njia ya juu katika milima ya Pyrenees, iliingia mwaka 1910. Alpe d'Huez, yenye kona zake 21, iliingia mwaka 1952 na Mwitaliano Fausto Coppi akashinda siku hiyo. Mlima hauwi kipimo siku ya kwanza. Waendeshaji waliupata kama ugeni, wakarudi, wakarudi tena, mpaka ukawa wa kupimia vizazi.

Ndicho ninachotaka tufanye. Orodha ya zamani ifungwe. Majina ya wote tuliopanda kwenye changarawe yabaki juu ya ukurasa wake, na chini iandikwe mwaka kilima kilipochongwa. Vijana wawe na orodha yao ya lami, nitawapongeza kwa moyo mweupe, wapo wenye miguu kweli. Kisha twende wote njia ya kulia, wakubwa na wadogo, tupande mara kadhaa kwa upepo tofauti kabla ya mtu yeyote kubonyeza saa. Mwanzo na mwisho wa kipimo tuviweke kwenye miamba, maana nguzo na miti huondolewa. Tupime urefu na mita za kupanda na tuandike pamoja na muda, ili siku tingatinga likifika huko pia, atakayekuwa hai aweze kupiga hesabu ya mita alizopanda kwa saa na kulinganisha kwa haki.

Mlioko mbali na mnaotarajia kurudi, nitumieni muda wenu mnaoukumbuka wa kilima cha zamani, na jina la aliyeshuhudia. Nakusanya kabla ya orodha kufungwa.