Bili ya gesi na majua matatu ya Winnipeg

Bili ya gesi ya Januari imeingia: dola mia mbili na ushee, na hiyo ni ya kupasha nyumba joto tu. Umeme una bili yake, maana huku usiku hata gari linachomekwa kwenye soketi injini isigande. Ukisikia mtu yuko Kanada anakula bata, muulize kwanza ya gesi.

Halafu wenzangu wa Dar tulio nao hapa Winnipeg hawaishi kunitania: "Wewe wa Makete, baridi si mmezaliwa nayo?" Jamani! Makete, kule kwetu milimani Njombe, Juni na Julai ni baridi kweli, asubuhi sakitu, yaani umande ulioganda, imetanda shambani nyeupe, lakini nani aliwahi kusimama akaisifia? Ikipiga usiku, mchana majani ya viazi yamekuwa meusi, na ada ya shule imeondoka nayo. Tena baridi ya nje ndiyo hiyohiyo ya ndani; mnabanana jikoni kwenye kuni, mbele unaungua, mgongo unatetemeka.

Huku nje ni nyuzi 30 chini ya sifuri, mimi sebuleni nimevaa fulana. Sina shamba la kuungua. Ndiyo maana nimepata nafasi ya kushangaa.

Juzi nimetoka zamu ya usiku, jua linachomoza, nakuta yako matatu! La kati ndilo lenyewe. Mengine mawili yamekaa kulia na kushoto, kila moja nyuzi 22 hivi za pembe kutoka lile la kati, na wekundu upande unaolitazama. Hewani zilielea chembe za barafu, bapa, zenye pande sita, zikimetameta kama vumbi la kioo. Hizo ndizo zinazopinda mwanga. Basi likapita, nikaliacha. Nilitazama mpaka kope zikaanza kushikana.

Mnaojiandaa kuja, msijaze begi makoti ya mtumba ya soko la Mwanjelwa, Mbeya. Buti na glavu nunueni huku. Na kabla hamjasaini mkataba wa nyumba, ulizeni kama joto limo kwenye kodi.

Video nilimtumia mama. "Eh, mwanangu, na sakitu yote hiyo, viazi wanavitoa wapi?" Nikamweleza: wanapanda Mei, wanavuna Septemba, kisha ardhi inaganda. Akafikiri kidogo, akauliza kama na huku wanunuzi wanadai lumbesa, lile gunia la kujazwa kupita kipimo.