Mradi wa kutoka chini: mazoezi ya Jumatano, Moshi

Haya wadau, apdeti. Kwa ambao hamkufuatilia, nafanya jiu-jitsu ya Kibrazili, mchezo wa kukabana chini, na msimu huu nimeamua sijifunzi kabali mpya wala kufuli jipya la mkono, nafanyia kazi kitu kimoja tu, kutoka chini mtu akishapita gadi yangu, yaani miguu ninayomzuia nayo, akanilalia kwa ubavuni, saidi kontro. Sababu yenyewe ni hesabu. Kwa sheria za IBJJF, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, mtu akipita gadi akatulia sekunde 3 anachukua pointi 3, akiweka goti tumboni 2, akipanda maunti (kukukalia juu tumboni au kifuani) 4, hiyo ni 9 tayari na mechi ya mkanda mweupe kwa mtu mzima ni dakika 5 tu. Na mimi nina kilo 61, nikilaliwa nimelaliwa.

Darasa limepungua kweli, Julai ndo msimu wenyewe, nusu ya wenzetu ni wagumu wanaobeba mizigo ya watalii na sasa hivi wako juu Kilimanjaro. Tulikuwa wachache, kocha akafurahi maana nafasi ipo, ukumbi wetu mdogo na chini ni maranda yaliyofunikwa turubai lililovutwa likakaza, juu yake ndo zile mati za kuunganisha, mkirusha watu wawili kwa wakati mmoja lazima mgongane vichwa.

Kuhusu gi, nguo ya mazoezi, haraka haraka: koti bado ni lile la judo nililolipata mtumbani Memorial, zito balaa lakini zuri, mikono tu imekuwa mifupi kidogo. Suruali nimeshona mwenyewe kwa kaki nzito, magoti nimeweka kitambaa mara mbili na msambani nimeongeza kipande ili mguu ufunguke. Imepita mtihani wa Jumatano, hamna ulipoachia. Ukinunua kitambaa cha hivyo kiloweke kwanza ndo ukate, kaki inarudi sana ikifuliwa.

Sasa mazoezi yenyewe. Kocha aliamua hakuna kuanza tumesimama, kila raundi mmoja anaanza kalaliwa tayari, akitoka wanarudi palepale wanaanza upya. Kabla ya hapo alitukumbusha fremu, kigasha kimoja shingoni kwa yule wa juu chini ya taya, kingine kwenye nyonga yake, viwiko vimebana karibu na mbavu, af wewe mwenyewe usilale chali, lala kwa ubavu ukimwelekea. Kazi ya fremu siyo kumsukuma, ukimsukuma unanyoosha mkono, na mkono ulionyooka kwa mtu wa juu ni zawadi. Anaukunja anakupa kimura, kufuli la kupinda bega, ile iliyopewa jina la Masahiko Kimura, mwanajudo wa Japani, aliyemvunja Helio Gracie, mmoja wa waanzilishi wa jiu-jitsu ya Kibrazili, mkono mwaka 1951 kule Rio, Helio akagoma kugonga, yaani kukubali kushindwa, mpaka kona yake ikarusha taulo. Watu wanaipenda sana hiyo stori ya kugoma. Mimi hapana, mimi nina cherehani inanisubiri saa mbili asubuhi, kiwiko kikianza kuvuta tu nimegonga.

Nikapangiwa mangi mmoja aliyeshuka juzi tu kutoka Uhuru, mita 5895, kapandia njia ya Machame na mzigo begani. Ana kilo kama 75 hivi na mbaya zaidi hachoki. Ukiwa na mtu wa kawaida unaweza ukajilinda ukasubiri apumue kwa mdomo ndo ufanye yako, huyu hakuna, katoka kwenye hewa nyembamba karudi huku kwetu chini anapumua kwa pua mwanzo mwisho na anakuuliza katikati ya raundi, "vipi mangi, upo?" Nipo wapi sasa, shavu langu liko chini ya bega lako.

Raundi ya kwanza kocha alikuwa anahesabu pointi kwa sauti. Mangi akisikia "goti, mbili!" anapata mzuka anataka na maunti. Na hapo ndo nilitoka, tena siyo mara moja. Ili aweke goti tumboni lazima anyanyue kifua kwanza, na ili apande maunti lazima goti lake lipite juu ya nyonga yangu, kwa hiyo kuna kasekunde uzito wake hauko kwangu wote. Fremu zangu zilikuwa zimekaa tayari, nikapiga daraja dogo, yaani kunyanyua nyonga juu, kiuno nikakitoa nje, goti langu la chini likaingia katikati yetu, hafu gadi, yaani mguu wake mmoja nimeubana kwa miguu yangu. Kutoka hafu gadi nikapitisha mkono chini ya kwapa lake nikawa nimekaa. Kocha akasema tu "rudini". Sifa zake huwa hazizidi hapo.

Nikaona eeh, kumbe mradi umekubali.

Raundi ya pili kocha akaenda kumrekebisha mtu mwingine, hakuna anayehesabu. Mangi akalala. Hakuweka goti, hakutafuta maunti, hakutafuta hata kabali, kabana kichwa changu kwa mkono mmoja, bega kaliweka tayani, kifua juu ya kifua, katulia kama gunia la mahindi lililonyeshewa. Fremu zangu zote zilikuwepo, shingoni ipo, nyonga ipo, na hazikuwa na kazi yoyote kwa sababu hamna kilichosogea. Nikingoja nichague wakati, wakati wenyewe hauji. Dakika 5 zikaisha nikiwa palepale nimefanya mazoezi ya kupumua.

Nilikaa pembeni nakunywa maji nawaza hiyo. Yani nilichokuwa nimejenga muda wote huu ni njia ya kumtoka mtu mwenye haraka. Pointi zinamlazimisha asogee, akisogea natoka. Lakini asiyehesabiwa hana sababu ya kusogea, na kwenye mechi vilevile, mtu akishakupita gadi anaongoza 3 kwa 0, akiwa mjanja anaendelea kuonekana anahangaika kidogo ili refa asimpe onyo la kuzubaa, huku saa inakwenda. Wewe wa chini ndo mwenye shida ya muda.

Nikamuuliza kocha. Akanilaza akanilalia yeye (kilo nyingi, tuseme hivyo), akasema, "Mdogo wangu, daraja lako unalipiga ukishaona nafasi. Lipige kabla, ndo linaleta nafasi." Akataka nipige daraja kuelekea kichwani kwake, siyo juu kwa dari, halafu siyo moja. La kwanza halikusudii kumtoa, linamfanya aweke mkono chini asianguke au arudishe nyonga nyuma ajikaze, na huko kujikaza ndo kusogea kwenyewe. La pili ndo unatokea. Nilijaribu kwake nikapata goti mara moja, nadhani aliniachia, sina uhakika na sikuuliza.

Tulimaliza na sparing za kawaida kuanzia magotini. Mwanafunzi mmoja wa chuo mwenye mkanda wa bluu alinikaba kwa kola yangu mwenyewe nikagonga, sawa tu. Sikuandika kitu kingine kuhusu hizo raundi maana haziko kwenye mradi.

Mpango wa Jumatano ijayo: naomba raundi zisizohesabiwa tu, mtu wa juu kazi yake iwe kulala basi, asitafute chochote. Mimi madaraja mawili mawili kuelekea kichwani, nikishindwa narudia, kutoka chali kurudi ubavuni nako nahesabu ni ushindi kwa sasa. Mangi atakuwa hayupo, kapata grupu ya Lemosho, siku nane, kwa hiyo nitamwomba yule wa chuo au kocha mwenyewe. Na koti nalifupisha kola? Hapana, mkishauri vingine semeni, lakini nimeangalia mshono wake wa ndani na ukiufungua huo haurudi ulivyokuwa, hata kwa cherehani yangu ya miguu.