Ndoo yangu iliniponza: nilivyohesabu shawa za jengo la kijani

Nianze kwa kujisuta. Mimi ndiye niliyezunguka jengo zima la ghorofa na ndoo ya lita 10, suruali imekunjwa hadi magotini, simu mkononi, nikipima kila shawa inajaza ndoo kwa muda gani. Sekunde 105, karibu kila bafu. Nikagawanya: lita 5.7 kwa dakika. Kiwango cha kulinganishia cha LEED, mfumo wa Marekani wa kuthibitisha majengo ya kijani, ni lita 9.5 kwa dakika, kile kile kilichowekwa na sheria ya Marekani ya mwaka 1992. Basi nimeokoa asilimia 40 na sijanunua hata kipande cha mpira! Siku hiyo niliongea kwa sauti ya juu kidogo ofisini.

Mhakiki wa LEED akarudisha faili. Vichwa vya shawa vyenyewe vilikuwa vimechapwa lita 9.5, na hiyo ndiyo namba inayotakiwa kwenye jedwali.

Nilibisha, nikakaa, kisha nikapiga hesabu. Ile 9.5 hupimwa kwa presha ya kilopaskali 550, yaani baa 5.5. Presha ya mabafuni kwetu ilikuwa kama baa 2. Tundu lisilojirekebisha hupitisha maji kwa kufuata kipeuo cha pili cha presha, si presha yenyewe: 2 gawanya kwa 5.5, tafuta kipeuo cha pili, unapata 0.6. Mara 9.5 ni 5.7. Ndoo yangu haikusema uongo hata kidogo. Ilipima udhaifu wa presha yetu, mimi nikaupa jina la uhifadhi wa maji. Siku pampu ikibadilishwa, zile lita zote zinarudi.

Katika kuhaha, nikaomba ushauri. Mmoja akaniambia, "Andika watu wanaoga dakika nne, nani atakwenda kuchungulia?" Ushauri wa hovyo. Muda umeshapangwa na LEED: mkazi dakika 8, mfanyakazi wa ofisini dakika 5, na ni ule ule pande zote mbili za hesabu, ya kiwango na ya jengo lako. Kinachobadilika ni kifaa tu. Kwa mkazi, 9.5 mara 8 ni lita 76 kwa siku. Choo cha lita 6 akikitumia mara tano ni lita 30. Ndiyo maana kwenye nyumba za kuishi mtu hapambani na choo kwanza.

Tukanunua vichwa vya lita 5.7 vyenye kile kipete cha mpira kinachojibana presha ikipanda. Bei haikuwa ya kulia. Kilio kilikuwa mafundi kupanda ngazi mara ya pili.

Lakini mabafu ya vyumba vikuu yalikuwa na shawa mbili: ya darini lita 7.6 na ya mkononi 5.7. Nilijaza 7.6 peke yake, nikatumaini. Hapana: kinachohesabiwa ni kizimba cha kuogea, na vyote vinavyoweza kumwaga kwa pamoja hujumlishwa. Lita 13.3! Mwenye jengo alikuwa ameshazipenda zile za darini, hataki kusikia.

Aliyeniokoa ni fundi bomba. Alizungusha kitasa polepole mbele yangu, akakisimamisha katikati. Maji yakatoka juu na mkononi. "Bosi, ugonjwa wako ni hapa katikati." Akaleta valvu isiyo na katikati: ama juu, ama mkononi. Nilishinda pale nikiizungusha kama mtoto aliyepewa gurudumu, nikitafuta pa kuifanya imwage kote kuwili. Ikakataa. Nikaambatisha karatasi ya mtengenezaji inayoonyesha hivyo, kizimba kikahesabiwa kwa kile kikubwa, 7.6, ambacho peke yake ni asilimia 20 chini ya kiwango.

Jambo dogo lililonila jioni nzima: usichukue wastani wa vichwa vya shawa kwa idadi yao. Kila kichwa kipe uzito kwa idadi ya watu wanaokitumia. Wasaa wa bafu kuu haumaanishi nusu ya wakazi wanaoga humo.

Faili la pili lilirudi na swali moja tu, nalo lilihusu mabomba ya jikoni. Ndoo sikuigusa.