Nilivyowafanya wazee wa drafti Kirumba wakubali kuhama kizibo

Ushauri ulionichosha kuliko wote ni huu wa "waandikie tu fomula, wataelewa". Hawaelewi! Nafundisha twisheni ya hesabu hapa Mwanza na nimeliona hili kwa watoto na kwa watu wazima, fumbo linalopingana na akili ya mtu ukimwandikia fomula atakuitikia ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu, afu akifika nje anarudia jibu lake lilelile la mwanzo. Sasa kijiwe chetu cha drafti Kirumba, ambacho sijaona watu wabishi kama wale, kimelikubali fumbo la milango mitatu, na wamelikubali wenyewe, hakuna aliyelazimishwa. Nimefurahi sana ndo maana naandika, na kama una watu wako wanakubishia jaribu hivi nilivyofanya.

Kwa asiyelijua, fumbo liko hivi. Kuna milango mitatu, nyuma ya mmoja kuna gari, nyuma ya miwili kuna mbuzi. Unachagua mmoja bila kuufungua. Mwenye mchezo, ambaye anajua gari lilipo, anafungua mmoja kati ya ile miwili uliyoiacha na kukuonesha mbuzi, afu anakuuliza unabaki na mlango wako au unahamia ule mwingine? Karibu kila mtu anasema imebaki miwili, hamsini kwa hamsini, kuhama ni kujisumbua. Jibu ni uhame. Anayehama anapata gari mara mbili katika kila mara tatu, anayebaki anapata mara moja.

Wanaliita fumbo la Monty Hall, kwa jina la mtangazaji wa mchezo wa televisheni kule Marekani, na aliyeliandika kwa watakwimu ni Steve Selvin mwaka 1975. Mwaka 1990 mwandishi Marilyn vos Savant alitoa jibu la uhame kwenye safu yake ya jarida la Parade, hukohuko Marekani, zikamjia barua kama 10,000, nyingi zikimwambia amekosea, na karibu 1,000 zilitoka kwa watu wenye shahada ya udaktari. Hata Paul Erdős, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne iliyopita, hakuridhika mpaka alipooneshwa majaribio yaliyoendeshwa na kompyuta. Hiki kipande huwa nakisema mapema kabisa, kwa sababu mtu akijua kwamba maprofesa nao walikataa, haoni aibu kubadili msimamo mbele za wenzake. Mtu mzima usimwache apoteze heshima kijiweni, hatakuja kukubali hata umletee nini.

Sikuanza na hilo lakini. Nilianza na ya kuwaamsha. Sato na limau jumla 11,000, sato amezidi limau kwa 10,000, limau bei gani? Wote elfu moja, tena kwa haraka. Nikasema haya, limau elfu, sato elfu kumi, amezidi kwa ngapi? Kimya, afu mmoja akasema tisa. Limau ni 500, sato 10,500. Fumbo hili ni ndugu wa lile la gongo na mpira alilotumia mtafiti Shane Frederick mwaka 2005 kupima kama mtu anasita kidogo kabla ya kulibeba jibu la kwanza linalomjia. Kwenye maswali yake hayohayo kuna la mayungiyungi yanayotanda ziwani, mi nikaweka magugu maji maana hapa kila mtu anayajua, yameshawafungia watu mitumbwi tangu yaingie ziwa letu mwishoni mwa miaka ya 80. Tuseme kila siku yanaongezeka mara mbili na siku ya 48 yameziba ghuba nzima, nusu ya ghuba yaliziba lini? Wengi walisema 24. Mvuvi mmoja ndo alikaa akafikiri, akasema "jana yake". Siku ya 47, ndiyo. Alinyanyuliwa mkono kama bondia.

Basi nikaona wako tayari. Nikaomba vikombe vitatu kwa muuza kahawa, nikafunika sarafu ya mia mbili, nikaeleza. Maelezo ya mdomo yakakataliwa palepale, kama nilivyotegemea. Wakati naanza kuchezesha, kijana mmoja wa bodaboda akaja na ushauri wake, na ushauri huu ndo umewaharibia wengi hili fumbo: eti mimi nisifunue kwa sababu najua sarafu ilipo, nitawachezea, afunue mtu asiyejua ndo haki itendeke. Kijiwe kizima kikashangilia, haki, haki! Nikasema sawa, tucheze hivyo mchana mzima muone wenyewe.

Tukacheza. Mzee mmoja aliyestaafu kazi za melini akageuza mgongo kila nikificha sarafu, mtu anachagua kikombe, mzee anageuka na kufunua kimoja kati ya viwili vilivyobaki, kwa kubahatisha. Ya kwanza, akafunua tupu, safi. Iliyofuata akafunua sarafu yenyewe! Kelele. Sasa hapo unamuuliza mtu unahama uende wapi? Raundi imekufa, ifute. Tukaendelea, nyingine zinakufa, nyingine zinaenda, na zile zilizoenda tukaziandika kwa mkaa kwenye boksi, waliobaki wanashinda sawa na waliohama, pua kwa pua. Kijana wa bodaboda akawa anaruka, "si nimesema hamsini hamsini!" Na kwa mchezo ule ALIKUWA SAHIHI, nikamwambia hivyohivyo mbele ya wote. Mfunuaji akibahatisha, theluthi moja ya raundi inaharibika kwa kufunua zawadi, na zilizosalia zinagawana sawa kwa sawa. Ila huo si mchezo wa Monty Hall, ule unataka mfunuaji anayejua na ambaye kamwe hafunui zawadi. Ndo maana siku zote naweka masharti wazi kabla ya kuanza: nafunua kila raundi, najua ilipo, sifunui chenye kitu. Ukiacha sharti moja watu watabishana mpaka jua lizame na wote watakuwa na haki.

Ila kulijua hilo bado hakukumtoa mtu kwenye hamsini hamsini yake. Kilichowatoa ni kete za drafti.

Pale kijiweni drafti linachezwa kwa vizibo vya soda, kumi na mbili huku, kumi na mbili kule. Nikavikusanya vyote 24, nikavipanga juu ya ubao, chini ya kimoja nikaweka punje ya mchele wakati mzee wa melini kageuka. Nikamwambia "Babu, chagua kimoja". Akaweka kidole kwenye cha pembeni kabisa. Mi nikaanza kufunua vingine, kimoja kimoja, taratibu. Tupu. Tupu. Tupu. Watu wakasogea. Nikafika katikati ya ubao, kuna kizibo kimoja nikakiruka, nikaendelea na vilivyobaki, vyote tupu, mpaka vikasalia viwili, cha babu na kile nilichokiruka. Nikanyamaza. Hapa ndo pa kunyamaza, usieleze chochote, acha wakiangalie.

Babu akakaa kimya, afu akauliza, "Mwalimu, hicho kimoja umekirukia nini?"

Jamani! Swali hilo ndo fumbo lote. Nikamjibu we ungesema nimekirukia nini? Akatoa kidole chake pembeni, akasema "nahama". Punje ilikuwa pale. Tukarudia na wengine, na mtu mmoja tu katika wote ndo alipata kwa kubaki, kwa bahati ya moja katika 24, na hata yeye raundi iliyofuata akahama. Hakuna aliyetamka hamsini hamsini tena, wakati vizibo mwishoni vilikuwa viwili vilevile.

Hapo ndo nikarudi kwenye vikombe vitatu, upande mmoja wanaobaki, upande wa pili wanaohama, anayeshindwa analipa kahawa. Mistari ya mkaa ya wanaohama ikawa karibu mara mbili ya wale wengine. Maelezo yakaingia kwa sentensi moja: mwanzoni ulikosea mara mbili katika kila tatu, na kila ulipokosea mi nimekuonesha zawadi ilipo. Gharama ilikuwa kahawa na kashata tu, elfu chache, na nyingi sikulipa mimi. Usitumie video za kwenye simu, zinamaliza bando na mzee haamini kitu ambacho hajakishika.

Nitaje na dada mmoja anayeuza dagaa pale Mwaloni, alipita siku hiyo akakuta kelele. Nikamtupia la matikiti: kilo 100 za matikiti, asilimia 99 ni maji, yakapigwa jua mpaka maji yakawa asilimia 98, yana kilo ngapi? Wanaume wote 99, 98, mmoja 97. Yeye akauliza kwanza, "kisicho maji ni kilo moja, si ndiyo?" Ndiyo. "Na hicho hakijakauka kwenda popote. Sasa hiyo kilo moja imekuwa asilimia mbili, basi mzigo ni hamsini." Kilo HAMSINI, nusu ya mzigo imeondoka na jua, na hakushika kalamu. Mtu anayenunua mbichi na kuuza kavu anajua kuuliza nini kimebaki, na nilimwambia hadharani kwamba wanafunzi wangu wengi hawajafika hapo.

Sasa hivi tuko kwenye siku za kuzaliwa. Ukikusanya watu 23 tu, uwezekano wa wawili kuchangia siku ya kuzaliwa, yaani tarehe na mwezi, umeshapita nusu, ni kama asilimia 50.7, na wakiwa 57 unafika asilimia 99. Wamekataa kabisa, wanasema mwaka una siku 365, 23 ni tone. Nawaambia msihesabu watu, hesabuni jozi, watu 23 wanatengeneza jozi 253, na kila jozi ni nafasi ya kugongana. Kombe la Dunia la 2014 kila timu ilikuwa na wachezaji 23, timu 32, na kwenye timu 16 kulikuwa na wanaochangia siku. Kijana wa bodaboda anasema hao ni wa Ulaya huko, yeye anataka wa hapa. Nimemwambia alete orodha za timu za mtaani zenye tarehe za kuzaliwa, mechi moja ni wachezaji 22, ongeza refa wanatimia 23. Ila asije na mechi moja afu akapiga kelele, maana mechi moja inaweza kwenda upande wowote. Alete nyingi, mkaa na boksi vipo.