Fizi kutoka damu: uzi wa meno ulivyonisaidia

Kila nikipiga mswaki, fizi zilitoka damu. Huku Mwanza, ukila sato wa kukaanga, nyuzi za nyama hunasa katikati ya meno na kijiti huzisukuma ndani tu. Daktari wa meno akanionyesha uzi: kata kama sentimita 45, zungushia vidole vya kati, upenyeze taratibu, uukunje ukumbatie jino kwa umbo la C, kisha usugue juu na chini mpaka chini kidogo ya ufizi. Usiuvute kama msumeno, utajikata. Mwanzoni damu ilizidi (mke wangu akasema niache!), kumbe fizi zilikuwa zimevimba kwa ukoga uliojificha mswaki usikofika. Baada ya wiki mbili hivi ikakata. Sasa natumia kila usiku, kabla ya mswaki.